Sahani ya Mshenga

Mgeni aliingia bila kupiga hodi. Bi Sikudhani alikuwa ameinama uani akilisugua kwa majivu sufuria lake kubwa la pilau, lililorudi asubuhi kutoka msibani likiwa na ukoko uliogoma kubanduka, mara akaona kivuli cha mtu kimetua juu ya maji yake. Hakushtuka. Katika nchi ile, ambayo jina lake lilipelekwa Wizarani kufanyiwa matengenezo na mpaka leo halijarudi, mtu asiyepiga hodi huwa ni mtu wa Serikali. Sheria inasema nyumba zote ni za Serikali, na hakuna mtu apigaye hodi kwake.

Kilichomshtua ni kwamba mtu huyo aliamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umefuata viti, viko msibani mpaka kesho. Kama umekuja kunifungia biashara, waliokutangulia wameshaifunga, na walikodi viti vyangu kwa sherehe ya kuifunga."

Kijana hakucheka, ingawa midomo yake ilitaka. Alikuwa ndani ya suti ambayo bila shaka ilikuwa na mwenyewe, ila mwenyewe si yeye. Kifuani alibandika beji yenye picha ya Mlezi Mkuu akitabasamu, na mkononi alikumbatia jalada kama mtu aliyebeba kifaranga. Akajitambulisha: Erasto Pandu, Naibu Kaimu Mkurugenzi katika Idara ya Mambo Yaliyoachwa Njiani, Wizara ya Furaha ya Taifa. Idara hiyo ni kubwa kuliko zote nchini. Ndiyo inayoshughulikia madaraja yaliyofika katikati ya mto yakachoka, na zahanati zilizozinduliwa kabla ya kuezekwa. Siku hizi, alisema kijana, idara imepewa sinema pia.

Kisha akamtazama yule mama mnene mwenye majivu mpaka kwenye viwiko, na sauti yake ya ofisini ikampotea.

"Ni wewe kweli?" akauliza. "Bibi Harusi?"

*

Ndiye. Miaka thelathini iliyopita, kabla ya magoti kuanza kumsema, Bi Sikudhani ndiye aliyekuwa bibi harusi katika sinema iitwayo "Bwana Harusi Yu Njiani", na hakuna mtu wa nchi ile asiyeijua. Kuna waliosahau majina ya wajukuu wao, lakini nyimbo za sinema ile wanazo.

Hadithi yenyewe haikuwa kubwa. Harusi imeandaliwa, wageni wameketi, pilau limeiva, bwana harusi hajafika. Kila baada ya kitambo anaingia mshenga, jasho linamtoka, kanzu imemkaa upande, anaimba kwamba bwana harusi yu njiani: amekwama mtoni, ameona amevaa viatu vya miguu miwili ya kushoto, amemkuta fundi wa kanzu amelala. Wageni wanaitikia, wanacheza, mpishi anafunika pilau, anafunua, anafunika tena. Mpaka mwisho bwana harusi haji. Lakini kwa kungoja huko watu wamecheza hata wakasahau wanangoja nini, na bibi harusi mwenyewe anavua viatu na kuingia katikati.

Halafu ile picha ya mwisho. Kwa desturi ya nchi ile, mshenga ndiye anayekula kwanza. Anapakuliwa sahani yake peke yake, yenye paja la kuku juu, na hakuna mgeni anayenawa mikono kabla mshenga hajatia tonge la kwanza kinywani. Lakini mshenga naye hali mpaka bwana harusi aketi. Basi sinema inakwisha mshenga ameketi mbele ya sahani yake, watu wote wanacheza, naye anamtazama yule kuku. Anamtazama tu. Nchi nzima ilicheka mtazamo ule hata ikatokwa na machozi.

Mshenga huyo alikuwa Kizito Manyika.

Manyika alikuwa mtu wa mlimani na Bi Sikudhani mtu wa ziwani, na watu wa mlimani na wa ziwani ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kulala kaburini kwa baba yako na kukataa kutoka mpaka umbembeleze, nawe ukacheka huku unalia. Siku ya mwisho ya kupiga ile sinema, watunza vifaa walipoondoa sahani ili waifungashe pamoja na mapazia, Manyika alimlalamikia mtani wake.

"Watu wa ziwani hamna huruma. Mmenikalisha mbele ya kuku kama paka wa mlango wa bucha."

"Usilie, mtumwa wangu," alisema Sikudhani. "Sehemu ya pili nitakupakulia mwenyewe. Utakula kabla ya mtu yeyote."

"Hata kabla ya bwana harusi?"

"Hata kabla ya bwana harusi."

"Apa."

Sikudhani akalamba kidole akakielekeza mbinguni, kama watoto wafanyavyo. Wakacheka wote wawili, kila mtu akashika njia yake.

*

Neno "yu njiani" likashika njia yake nalo. Mtu akiuliza maji ya bomba, anajibiwa yu njiani. Umeme, yu njiani. Daktari, yu njiani. Watu walisema hivyo wakicheka, na aliyecheka hakurusha jiwe, kwa hiyo kwa miaka mingi Serikali iliona hakuna ubaya.

Ubaya uliingia siku ya karamu ya Uhuru, Manyika alipoitwa awachangamshe wageni. Mlezi Mkuu alichelewa kama kawaida yake, watu wakaungua jua toka asubuhi mpaka alasiri, na alipofika Manyika akakumbuka kwamba Mlezi Mkuu kwa kuzaliwa ni mtu wa ziwani. Mtani, basi. Akapiga goti na kusema kwa heshima zote: "Mheshimiwa, miaka yote hii nilidhani naigiza, kumbe nilikuwa nawasomea watu mpango wa maendeleo."

Watu walicheka kabla ya kuangalia nani anaangalia.

Kesi yake ilisikilizwa kwa haki. Manyika alijitetea kwa desturi ya utani. Mahakama ilifanya utafiti wa kina ikagundua kwamba Mlezi Mkuu, kwa kuwa ni baba wa makabila yote, hana kabila hata moja, na asiye na kabila hana mtani. Kwa hiyo alichofanya mshtakiwa si utani bali ni maneno. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na nchi ile inawaheshimu sana wahenga. Hawakumuua. Walimpeleka Kituo cha Taifa cha Kurekebisha Utani, kule nyuma ya kiwanda cha saruji, na barua zote alizoandikiwa na Bi Sikudhani zilirudi zikiwa zimepigwa muhuri mzuri wa rangi ya zambarau: "Mhusika anaendelea kupungua."

*

Erasto Pandu alieleza yote akiwa ameketi juu ya sufuria lililogeuzwa, maana viti vilikuwa msibani. Kamati ya wataalamu ilikuwa imeitazama upya ile sinema, ikashtuka. Miaka thelathini sasa wananchi wanangoja mtu. Nani? Katika nchi ambayo Mlezi Mkuu ameshafika, ni nani mwingine anayengojwa? Kuipiga marufuku sinema kungekuwa kukiri kwamba ina maana. Ikaamuliwa kwamba itengenezwe sehemu ya pili, na ndani yake bwana harusi afike rasmi, aketi, ale, na suala la kungoja lifungwe.

"Na bwana harusi atakuwa nani?" aliuliza Bi Sikudhani, ingawa alikwishajua.

Kijana alitazama beji yake mwenyewe. "Amekubali kwa unyenyekevu," alisema.

"Na bibi harusi ni mimi. Na magoti haya."

"Kamati inaona umri wako ni fundisho kwa vijana, mama. Subira."

Bi Sikudhani alirudi kwenye ukoko wake. Alisema kwamba hachezi. Alisema ana miaka ya kutosha na masufuria ya kutosha. Kisha mkono ukasimama ndani ya sufuria, akauliza polepole mshenga ni nani. Kijana alifungua jalada, akalifunga. Mshenga angekuwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe, ambaye ana kipaji.

"Mwambie Waziri wako: bila Manyika, mimi siketi kwenye kiti cha bibi harusi. Waniue wanitie mchangani, kisha wamtafute bibi harusi mwingine anayefanana na mimi."

Alitegemea kijana atamtishia. Lakini Erasto Pandu alikuwa na ugonjwa ambao chuo kilimpa pamoja na shahada: aliamini kwamba mtu akieleza jambo vizuri, kwa mpangilio, wakubwa wataelewa. Na kulikuwa na jambo jingine. Marehemu mama yake aliitazama sinema ile kila walipopata umeme, na alipougua hata kushindwa kuongea, bado aliweza kuziimba zile nyimbo.

"Nitajaribu, mama," alisema. Akainuka, suti ikabaki nyuma kidogo, halafu ikamfuata.

*

Waziri wa Furaha ya Taifa, Mheshimiwa Dokta Kanali Simbaulanga, alimpokea Bi Sikudhani katika ofisi ambayo zulia lake lilikuwa zito hata watu walitembea kama wamo matopeni. Alizungumza kwa muda mrefu. Alisema furaha si jambo la kuchezea. Alisema nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina mafuta, sisi tuna tabasamu, na tabasamu likiachwa mikononi mwa watu binafsi huishia kuwa kicheko.

"Sehemu ya kwanza ilikuwa na dosari moja," alisema. "Iliisha bila mkubwa kuwepo. Watu walicheza bila kusimamiwa. Tumeliona hilo, na tunalisahihisha."

Kuhusu Manyika alikuwa mkarimu kupita kiasi. Mzee huyo angeazimwa kutoka Kituoni kwa siku moja, kama vile Wizara inavyoazima tarumbeta za jeshi, na kurudishwa kabla ya magharibi katika hali aliyotolewa. Angeketi harusini kama mgeni, nyuma, upande wa kushoto. Asingesema neno. Maneno ya mshenga angeyasema Waziri.

"Na akitoka hapo, kwake lini?" Bi Sikudhani aliuliza.

Waziri alitabasamu tabasamu la taifa. "Kwake ni kule, mama. Anapendwa sana kule."

Alimwahidi Bi Sikudhani nyumba ya matofali yenye bomba ndani, na cheti cha Msanii wa Kudumu, ambacho mwenye nacho biashara yake haifungwi tena na mtu. Bi Sikudhani alishukuru. Magoti yake yalikuwa yakiota nyumba yenye bomba ndani kwa miaka mingi, na hakuona sababu ya kuyadanganya.

*

Mchezo uliandikwa na kamati. Vichekesho vyote vilipelekwa kuhakikiwa, na vilirudi vikiwa vimeboreshwa. Kile cha fundi kanzu aliyelala kilirudi fundi yuko macho, anashona, na anataja mafanikio ya sekta ya nguo. Kile cha viatu kilirudi viatu vyote ni vya mguu wa kulia, kwa sababu za kisiasa. Nyimbo hazikuguswa ila maneno.

Wageni wa harusi waliletwa kwa malori kutoka idara mbalimbali, wakafundishwa kucheka na Afisa Kicheko wa Mkoa. Kulikuwa na kicheko cha makaribisho, cha shukrani, na kile cha mshangao wenye matumaini, ambacho kilikuwa kigumu na wengi walikitoa kama watu waliopaliwa. Afisa alikuwa na kibendera cha kijani. Kibendera kikipanda, watu wanacheka. Kikishuka, wananyamaza, na aliyebakiwa na kicheko mdomoni anakimeza.

Muongozaji alikuwa Meja wa trafiki, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyejulikana kwa kuwasimamisha watu na kuwaondoa kwa mpangilio. Ndiye aliyemweleza Bi Sikudhani kazi yake ya mwisho, ile picha ambayo sinema nzima ilitengenezwa kwa ajili yake. Bwana harusi ataketi. Bibi harusi atapakua ile sahani yenye paja la kuku, atatembea nayo polepole, atampelekea bwana harusi. Mlezi Mkuu atakula tonge la kwanza. Kibendera kitapanda.

"Hiyo ni sahani ya mshenga," alisema Bi Sikudhani. "Mshenga ndiye anayeanza."

Meja alimtazama kama mtu aliyepita kwenye taa nyekundu. Alimkumbusha Sheria ya Tonge la Kwanza, ambayo inakataza chakula kuguswa katika hafla yoyote kabla Mlezi Mkuu hajala. Zaidi ya hayo, kamati imeamua kwamba kiongozi wetu hamtumi mtu kumposea. Anaposa mwenyewe, anafika mwenyewe, anakula mwenyewe. Mshenga wa Mheshimiwa ni Mheshimiwa.

Siku hiyo Bi Sikudhani alirudi nyumbani. Alikaa uani akikitazama kidole chake cha shahada, kile alichokilamba miaka thelathini iliyopita. Kilikuwa kimepinda kwa uzee na kusugua masufuria, lakini kilikuwa kilekile.

*

Siku ya kupiga picha, Manyika aliletwa kwa gari la wazi lililofunikwa turubai, askari wawili wakamsaidia kushuka. Bi Sikudhani, ndani ya gauni jeupe lililoongezwa kitambaa mbavuni, alimwendea kwa haraka kadiri magoti yalivyoruhusu. Alikuwa na maneno ya miaka yote ile mdomoni, lakini kwa watani kuna njia moja tu ya kusalimiana.

"Ama kweli watu wa mlimani hamkui," alisema. "Bado mnasafirishwa kwa gari la mbuzi."

Mzee aliinua uso. Alikuwa amepungua kweli kama muhuri ulivyosema. Kanzu ilimning'inia kama iko kwenye kamba, na mdomo ulikuwa umeingia ndani palipokuwa na meno.

"Asante kwa kuuliza," alisema.

Bi Sikudhani alidhani hajamtambua. Akamwambia mimi Sikudhani, mtumwa wako wa ziwani, nimenenepa nikawa boti. Mzee akasema asante kwa kuuliza. Akamwambia mkeo Restituta alifariki akikutaja, nikampikia mimi uji mpaka siku ya mwisho. Macho ya mzee yakaenda kwa askari, yakarudi.

"Asante kwa kuuliza."

Erasto Pandu alikuwa amesimama kando, jalada limemshuka mpaka magotini. Alieleza, bila kumtazama mtu, kwamba ndivyo wanavyofundishwa. Jibu moja linalofaa kila mahali. Mzee Manyika ndiye aliyefaulu kuliko wote, na kwa sababu hiyo hataachiwa kamwe, maana wanamtumia kufundishia wageni. Erasto alikuwa ameandika barua kumwombea. Aliziandika vizuri, kwa mpangilio.

"Nikiharibu leo, watamfanya nini?" Bi Sikudhani aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna watakachomfanya ambacho hakijafanywa, mama. Na ukifanya vizuri, hakuna watakachompa. Magharibi anarudi. Wewe ndiye mwenye cha kupoteza."

Bi Sikudhani alimwekea mtani wake kola sawa, akamwacha akaketishwe nyuma, upande wa kushoto. Kiti kilikuwa kimoja kati ya viti vyake, cha plastiki, chenye mguu alioushona mwenyewe kwa waya.

*

Mlezi Mkuu alichelewa.

Waliketi toka asubuhi. Jua lilipanda juu ya turubai, likapita, likaanza kuteremka upande wa pili. Mpishi alifunika pilau, akafunua, akafunika. Meja alipiga picha ya wageni wakingoja, kisha akaamriwa aifute, kwa sababu sehemu ya pili ni ya kutongoja. Kitoto fulani kwenye safu za idara ya misitu kiliuliza bwana harusi yuko wapi, na watu mia kadhaa walifumba midomo kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na jibu lilelile chini ya ulimi. Afisa Kicheko alishusha kibendera chini kabisa na kukikanyaga kwa mguu.

Alasiri ving'ora vikasikika. Mlezi Mkuu aliingia akiwa na kanzu ya hariri na miwani myeusi, Waziri akatangulia mbele yake akiimba kwamba bwana harusi amefika, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetangaza kitu kilichopotea. Kibendera kikapanda. Watu wakacheka makaribisho. Kikashuka. Mlezi Mkuu alihutubia juu ya ndoa kati ya viongozi na wananchi, ambamo mmoja anapaswa kuwa na subira, kisha akaketi na kunyoosha mikono ili anawishwe.

Bi Sikudhani alipakua. Alichota pilau la chini, karibu na ukoko, ambalo ndilo tamu, akaweka paja la kuku juu. Akaanza kutembea, na sahani kwenye mkono mmoja na birika kwenye mwingine. Kamera ilimfuata. Alipita mbele ya safu za Wizara, akapita mbele ya Waziri, akafika mahali ambapo Meja alikuwa amechora msalaba kwa chokaa, mahali pa kugeukia kulia.

"Kulia," alinong'ona Meja. "Kulia, mama. Kulia."

Alipita mbele ya Mlezi Mkuu, akampa mgongo, akashika kushoto.

Meja alimwambia Erasto Pandu, aliyesimama kando ya kamera, aizime. Erasto, ndani ya suti ya watu, alimjibu kwamba kwa kanuni za Wizara kamera haizimwi Mheshimiwa akiwa ameketi. Mlezi Mkuu mwenyewe alibaki amenyoosha mikono. Hakuwa na uzoefu wa jambo hilo, na hakuna mtu aliyewahi kumwandikia la kusema.

Bi Sikudhani alifika nyuma kabisa. Magoti yalikataa, akayalazimisha, akapiga goti mbele ya kile kiti cha plastiki, akamnawisha mzee mikono, kulia kisha kushoto, maji yakimwagikia gauni. Akaweka sahani mapajani mwa mzee.

"Karibu, Mshenga," alisema. "Sehemu ya pili."

Manyika aliitazama sahani. Alimtazama yule kuku, akamtazama tu, mtazamo uleule, na mahali fulani kwenye safu mtu alitoa sauti ndogo ambayo haikuwa katika mafunzo.

Askari waliamriwa wamwondoe bibi harusi. Lakini ni mwiko katika nchi ile kwa askari kupita mbele ya Mlezi Mkuu, na adhabu yake haina dhamana. Njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka hema lote kwa nje, kupita nyuma ya majiko, nyuma ya malori, nyuma ya gari la jenereta. Wakaanza kuzunguka kwa mwendo wa gwaride, kwa sababu kukimbia karibu na Mheshimiwa ni mwiko pia.

Yaliyofuata baada ya siku ile si siri. Masufuria ya Bi Sikudhani yalitaifishwa na leo yanapikia wafungwa. Viti vyake viko Wizarani, nyumba yenye bomba alipewa Afisa Kicheko, na yeye yuko kule nyuma ya kiwanda cha saruji, jengo la wanawake, ambako ukuta unawatenganisha na jengo la wanaume. Erasto Pandu alihamishiwa kwenye daraja lililoishia katikati ya mto, alilinde. Sinema haijatoka. Ukienda Wizarani kuuliza, watakujibu kwa adabu kwamba inashughulikiwa, na karani mzee ataangalia chini haraka ili usimwone uso.

Lakini hayo yalikuwa hayajafika. Pale nyuma, upande wa kushoto, mzee alitia vidole kwenye pilau, akafinyanga tonge, akalipeleka kinywani. Alitafuna polepole kwa fizi. Nchi nzima ikiwa imekaa na njaa, bwana harusi amenyoosha mikono mitupu, mshenga alikula kwanza.

Akameza. Akamtazama Bi Sikudhani kwa muda mrefu, na Bi Sikudhani akasubiri lile jibu la kila mahali.

"Chumvi imezidi," alisema Manyika kwa sauti iliyokwaruza kama mlango uliokaa miaka bila kufunguliwa. "Watu wa ziwani mnampikia mshenga kama mnakausha samaki."

Kibendera hakikupanda. Katika hema lile lote alicheka mtu mmoja tu, bibi harusi, amepiga goti kwenye tope la maji ya kunawia, anacheka na mabega yake yote huku machozi yanamtelemka mpaka kwenye shela.

Mzee alifinyanga tonge la pili. "Na wale askari?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

Bi Sikudhani alipangusa macho kwa kiwiko, akageuka kutazama. Kofia zao zilikuwa zimeonekana nyuma ya gari la jenereta, zikipanda na kushuka kwa pamoja.

"Wako njiani," alisema, akamsogezea paja la kuku. "Kula, mtumwa wangu."